Kazi ya kwa mtandao ni kazi: jasho ya kijana ilipwe



Leo hatutaongea juu ya barabara wala maji. Tutaongea juu ya kazi isiyoonekana, kwa sababu anayeifanya anakaa ndani ya nyumba, mara nyingi usiku: kazi ya kwa mtandao.

Watano kati yetu, wenye diploma na bila kazi, walipata ujumbe kwa WhatsApp hapa Goma: kuko sauti za kuandika, muanze leo. Zilikuwa sauti za mama waliokimbia vita, wakielezea yaliyowapata. Tulipashwa kusikiliza, kuandika neno kwa neno, kisha kutafsiri kwa Kifaransa. Tuliahidiwa dola 10 kwa kila saa moja ya sauti.

Mutasema: dola 10 kwa saa, si mbaya! Lakini saa moja ya sauti ilituomba saa 6 za kazi. Toa pesa ya mega. Toa pesa ya kuchaji ordinateri kwa jirani mwenye jenereta wakati umeme unakatika. Inabakia nini? Tulimaliza saa 30 za sauti, ni kusema dola 300. Tulipata 90. Kisha tukatolewa mu grupe, na namba ile haikuitika tena.

Baadaye tulijua kwamba mteja wa ng'ambo alilipa dola 35 kwa kila saa ya sauti. Na aliyekula zile zingine hakuwa mugeni wa mbali. Alikuwa komisioneri, kijana wa hapa hapa, tuliyesoma naye.

Si sisi peke yetu. Mu mwezi wa kwanza wa 2023, gazeti Time la Marekani lilionyesha yaliyofanyika Nairobi, kwa majirani wetu. Kontra za OpenAI na kampuni Sama ziliandika dola 12,50 kwa saa. Vijana waliokuwa wanasoma maandishi ya kuogofya, ili mashine ijifunze kuyatambua, walibaki na kati ya dola 1,32 na 2 hivi kwa saa. Sama ilijibu kwamba bei ile ilikuwa inalipa gharama zote, si mishahara tu. Sawa. Lakini yule kijana, nani alimwonyesha hesabu?

Hatusemi komisioneri asikule. Kutafuta wateja ni kazi pia. Tunasema bei ijulikane.

Kifungu cha 36 cha Katiba yetu kinasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu, na Leta inahakikisha malipo ya haki. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi. Kwa hiyo usifute ujumbe hata mumoja.

Tunaomba hivi:

Mashirika na watafiti munaotoa kazi kutoka mbali: muulize ni nani anaifanya kweli, na muandike mu kontra bei itakayomufikia yeye. Kazi ya majaribio nayo ilipwe.

Wakaguzi wa kazi: mupokee malalamiko yetu, hata kama hatuna ofisi wala badji.

Vijana wenzetu: musianze bila maandishi yanayosema bei, tarehe na njia ya kulipwa. Muombe avansi. Mutoe kazi kwa vipande: saa 5 za sauti, mulipwe, ndipo muendelee. Na anayekuomba pesa ili akupe kazi, huyo ni mwizi, mukimbie.

Na sisi wenyewe tuseme ukweli. Kuko kati yetu waliopata kazi ya dola 20 wakamupa mudogo wao aifanye kwa 5. Hatuwezi kuambia wakubwa waache kuiba, na sisi tuko tunafanya vilevile. Tuanze na sisi.

Sauti za wale mama zilifika ng'ambo kwa mikono yetu. Dola 210 hazijafika kwetu. Tuko tunaendelea kuzidai, na jumbe zote tumezichunga. Nawe uliyefanyiwa vile, chunga zako, uzilete. Tutadai pamoja.