Kuheshimu Uamuzi wa Kura ya Maoni
(Mazungumzo kwa waamini na viongozi wa walei, Nyololo)



Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na Halmashauri ya Walei,

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 75, unatukumbusha kuwa kura ni haki, tena ni wajibu kwa manufaa ya wote. Je, wajibu huo hukoma karatasi inapotumbukizwa sandukuni? La. Sehemu iliyo ngumu huanza matokeo yanapotangazwa, hasa kwa aliyeshindwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Tarehe 21 Novemba 2005, Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliwaomba wananchi waikubali rasimu ya Katiba. Waliikataa. Rais, ingawa alikuwa na dola mkononi, aliyakubali matokeo. Tarehe 4 Agosti 2010 zamu ya kushindwa ikawa ya viongozi wa Kanisa. Maaskofu Katoliki, pamoja na makanisa mengine, walipinga rasimu mpya kwa sababu ya vifungu juu ya utoaji mimba na Mahakama za Kadhi. Kiasi cha asilimia 67 ya wapiga kura walisema Ndiyo. Maaskofu waliukubali uamuzi huo, wala hawakuacha kutetea uhai wa mtoto aliye tumboni.

Hapo ndipo penye fundisho. Wingi wa kura haugeuzi uongo kuwa kweli. Huamua tu sheria itakayotuongoza sote. Aliyeshindwa angali na haki ya kusema, kwenda mahakamani na kudai sheria irekebishwe. Hana ruhusa ya kuvuruga amani. Naye mshindi asimbeze ndugu yake, bali atekeleze kilichoamuliwa.

Lakini amani haijengwi juu ya udanganyifu. Ili uamuzi uheshimiwe, watu wapate kwanza habari za kweli, wapige kura kwa uhuru, na hesabu ifanyike kwa uwazi.

Sisi Watanzania tulipangiwa kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Siku kama hiyo itakapofika, tuisome rasimu katika jumuiya zetu, tuamue kwa dhamiri, na baada ya matokeo tukutane tena katika sala, aliyesema Ndiyo na aliyesema Hapana, tukitakiana amani kwa moyo mnyofu.

Mungu awabariki.