Maji Yaliyotuama Roshanini



Roshani ya hatua tatu yatosha mrehani, mchaichai na paka mmoja. Hatuna neno na hayo. Tunachowaomba ni kutazama visahani vilivyo chini ya vyungu. Mwaka 2014 homa ya dengi ilipoenea Dar es Salaam, wilaya yetu ya Kinondoni ndiyo iliyoathirika zaidi. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji machache yaliyotuama. Kumwaga maji pekee hakutoshi, maana mayai yake hung'ang'ania kingo za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Visugueni kwa brashi kila juma, kisha vijazeni mchanga. Bakuli la paka nalo, ambalo wengi husahau, lioshwe kila siku.