Mti ulioota shambani kwako ni wa nani?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya miti, na hasa ile iliyomo ndani ya viwanja na mashamba yetu wenyewe. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kila msimu wa mvua unapokaribia, watu wa hapa Singida Mjini huanza kutazama juu. Mji wetu ni wa upepo. Mwenye mgunga mkubwa ulioinamia bati la nyumba yake halali vizuri wingu likitanda, na mwenye shamba anayetaka alizeti zake zipate jua anautazama mti ulio katikati ya shamba kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Hapo ndipo swali linapozuka: je, naweza kuukata? Si uko kwangu?

Jibu fupi ni kwamba kuwa kwako hakutoshi. Jibu refu ndilo lililonileta hapa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Tangu sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923, ardhi ya nchi hii imehesabiwa kuwa ni ya umma, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zimeendelea na msimamo huo: ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na sisi wengine tunayo haki ya kuitumia. Ulichokiweka juu yake kwa jasho lako, kama nyumba, kisima au miembe uliyopanda, huitwa maendelezo, nacho ni mali yako. Ukihamishwa unalipwa fidia yake. Kwa hiyo mwarobaini uliouotesha kwenye kopo na kuumwagilia maji ya ndoo ukiwa na watoto wako hauna ubishi mkubwa, ingawa ndani ya mji halmashauri inaweza kuwa na sheria ndogo inayokutaka uarifu kabla hujashika shoka.

Ubishi uko kwenye mti usioupanda wewe. Mninga kwa kawaida haupandwi na mtu, mpingo vivyo hivyo. Huota vyenyewe, kwa mbegu iliyoletwa na upepo au kwa mzizi wa zamani uliobaki ardhini. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Julai 2004, inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa miti ya hifadhi, na miti iliyokuwa imetangazwa hivyo chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1957 iliendelea na hadhi yake. Mti wa namna hiyo haukatwi bila kibali hata kama umesimama maili nyingi kutoka msitu wa Serikali. Kisha kuna mrabaha wa kulipa, nyundo ya Bwana Misitu ya kugonga gogo, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, tena safari yenyewe iwe mchana. Ukikutwa na mbao za mninga barabarani usiku, hata ukiapa kwamba mti uliota mlangoni kwako, utaeleza sana.

Sisemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Anayekumbuka mji huu ulivyokuwa anaelewa kwa nini ilitungwa. Kata yetu moja inaitwa Mitunduruni, jina linalotokana na miti, lakini leo ukimwambia mtoto wa pale akuoneshe mtunduru, atakuzungusha nusu siku. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni vumbi. Ziwa Singida na Ziwa Kindai, ambayo ni ya chumvi, yako mjini kabisa, na udongo ulio wazi kwenye miinuko hautafuti pengine pa kwenda ila humo. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwenye kiwanja karibu na maji anatakiwa kuifikiria mita hiyo kabla ya kuufikiria mti.

Ila sheria nzuri inaweza kuzaa tabia ambayo haikuitarajia, na hili silisemi kwa kusoma vitabu.

Yuko mzee mmoja ninayemfahamu, shamba lake liko njia ya kwenda Mgori. Nilimkuta wakati wa palizi, jembe mkononi, nikamwamkia, tukaanza kuzungumza huku akiendelea na kazi. Mbele yake palikuwa na chipukizi mbili za mninga, urefu wa goti hivi. Akazing'oa zote mbili pamoja na magugu, bila hata kusita. Nikamwuliza, mzee wangu, huo si mninga? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Mwanangu," akasema, "ukiwa mdogo hivi ni wangu. Ukikua ni wa Serikali. Sasa nilee mtoto ambaye akishaota ndevu ataitwa wa mtu mwingine?"

Nikamwambia anaweza kuomba kibali. Akacheka. Akanihesabia kwa vidole: nauli ya kwenda mjini, siku ya kwanza mhusika hayupo, siku ya pili yupo lakini ana kikao, siku ya tatu barua ya mtaa haina muhuri. Na mwisho wa yote hayo alipe ili akate mti ambao kivuli chake kimemnyima mtama kwa miaka 40.

Ndugu wasikilizaji, nimeyapima maneno ya mzee yule na sijaona kosa katika hesabu yake. Kosa liko mahali pengine. Mninga una tabia ya ajabu: miaka yake ya mwanzo, kila kiangazi sehemu ya juu hukauka na kufa, ukadhani umekwisha, kumbe mzizi unazidi kunenepa chini. Mvua zikija huchipua tena. Hurudia hivyo kwa miaka kadhaa mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina lisilorudi nyuma. Kwa hiyo ile chipukizi ya urefu wa goti huenda ilikuwa na mzizi wa miaka mitano au sita. Baada ya hapo unahitaji miaka 60 na zaidi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mzee akiung'oa leo, hakuna doria itakayomkamata, kwa sababu hakukata mti. Alipalilia shamba. Wala hakuna kitabu cha ofisi yoyote kitakachoandika kwamba siku ile mninga mmoja ulipotea.

Sheria yetu inamwona mwenye shoka. Mwenye jembe haimwoni, na mashambani miti mingi zaidi humalizwa na jembe, ingali midogo.

Jambo hili si la Singida peke yake. Kule Niger, nchi ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya jangwa la Sahara, sheria iliyorithiwa kutoka kwa Wafaransa iliuhesabu mti wa asili kuwa wa dola hata ukiwa shambani kwa mtu, na wakulima wakafanya kama mzee wangu: wakasafisha mashamba mpaka upepo ukawa unafukia mtama wao kwa mchanga. Kuanzia mwaka 1983, katika mkoa wa Maradi, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo aliwashawishi wakulima wasing'oe visiki, bali wachague machipukizi machache yenye afya, wayapogoe na kuyalea. Njia hiyo haihitaji kitalu wala maji ya ndoo. Lakini isingefika mbali kama maofisa wa misitu wasingelegeza kamba, mkulima akaanza kuamini kwamba mti alioulea ataukata yeye. Baada ya miaka 20 na kitu, watafiti walikadiria kwamba hekta zipatazo milioni 5 zimerudi kuwa na miti kusini mwa nchi hiyo. Nchi ile ni kavu kuliko Singida, na bado ikawezekana.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Dodoma wamekuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kwa jina la Kisiki Hai, wakihimizwa na shirika la LEAD Foundation. Unakichagua kisiki, unaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unafunga kitambaa ili mchunga mbuzi ajue kwamba huo una mwenyewe. Kitambaa hicho nakipenda kuliko mabango yote ya "Kata mti, panda miti" niliyosoma tangu ujana wangu. Bango linamwambia mtu wajibu wake tu, kitambaa kinatangaza kwamba mti ni wake.

Hata sisi wenyewe wa Singida tuliwahi kuwafundisha wengine. Mapema miaka ya 1990, msitu wa Mgori, wenye hekta 40,000 hivi, ulikuwa unaelekea kutangazwa kuwa hifadhi ya Serikali. Badala yake, katikati ya miaka ile, vijiji vitano vinavyouzunguka vikakabidhiwa kuusimamia, kila kimoja na sehemu yake. Wanakijiji wakajiwekea sheria ndogo, wakachagua vijana wa kulinda, wakapanga nani achanje kamba wapi na nani aweke mizinga wapi. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ukawa mfano uliozungumzwa sana wakati Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ilipoandikwa. Sasa nauliza: kama kijiji kiliweza kuaminiwa msitu mzima, mwenye shamba anashindwaje kuaminiwa mininga mitatu?

Pendekezo langu ni dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa halmashauri kulianzisha. Iwepo daftari katika kila mtaa na kijiji. Mwenye shamba au kiwanja akiacha chipukizi ya mninga, mpingo au mti mwingine wa asili, aende kuuandikisha bila malipo, aandikwe jina lake kama mlezi wa mti huo. Siku ukifaa kukatwa, yeye au mjukuu wake apewe kibali kwa urahisi, na fungu kubwa la thamani yake libaki kwake. Yako mambo ya mrabaha ambayo hayaamuliwi hapa mjini, hilo nalifahamu. Daftari, hata hivyo, halimhitaji Waziri, na madiwani wanaweza kulipeleka suala la mrabaha juu wakiwa na majina ya wananchi mkononi.

Jambo jingine ni mti wa hatari. Mti uliooza shina na kuning'inia juu ya chumba wanamolala watoto hauwezi kusubiri mlolongo ule ule wa mtu anayetaka kuuza mbao. Huko Uingereza, ambako halmashauri yaweza kuzuia hata mti mmoja uliomo katika bustani ya mtu kwa amri maalumu, mwenye mti uliokufa hahitaji kuomba ruhusa. Anatoa taarifa siku tano za kazi kabla, halafu anakata, na kama hatari ni ya papo hapo hangoji hata hizo. Akidanganya kwamba umekufa, anashtakiwa. Utaratibu wa namna hiyo ungetufaa sana sisi watu wa upepo.

Na watu wasiseme kwamba sheria ndogo ni mambo ya wakubwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, Na. 8 ya mwaka 1982, inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la sheria ndogo na kupokea pingamizi na maoni yao kabla ya kuipeleka kuidhinishwa. Tangazo likibandikwa ukutani, lisomwe. Mara nyingi tunalisoma siku ya faini.

Kwa yule anayetaka kukata mti wiki hii, kabla mvua hazijaanza: anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako, kisha kwa mtendaji wa kata, ndipo ufike kwa Bwana Misitu wa halmashauri. Nenda asubuhi. Sema ni mti wa aina gani, umeupanda au umeota wenyewe, uko hatua ngapi kutoka kwenye nyumba, na kama uko karibu na ziwa, sema hivyo pia. Omba jibu kwa maandishi. Na unapolima mwezi ujao, ukikuta chipukizi ya mninga, ipitishie jembe pembeni kwanza, mpaka hilo la daftari lipate majibu.