Kuta Sita za Dros Delnoch

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kitabu nilichokisoma nikiwa hapa, na ambacho nimekisoma tena mwaka huu. Ni Legend cha David Gemmell, kilichotolewa Uingereza mwaka 1984. Wenzangu wa bweni naona wameanza kucheka. Ndiyo, ni kile cha mzee mwenye shoka.

Kwa wasiokijua: Ulric, mkuu wa Wanadir, anaijia ngome ya Dros Delnoch na watu nusu milioni. Walinzi wake ni elfu chache, wengi wao wakulima. Anaitwa Druss, shujaa wa miaka sitini ambaye magoti yanamuuma, aje awafundishe kusimama.

Ngome ina kuta sita, na kila ukuta una jina lenye maana. Wa kwanza, Eldibar, ni furaha, kwa kuwa askari bado wana nguvu na hamu. Wa pili, Musif, ni kukata tamaa: unasimama juu yake ukiutazama ule wa kwanza ulio mikononi mwa adui. Wa tatu ni tumaini jipya, maana kumbe bado u hai. Wa nne ni dhiki. Wa tano, Valteri, ni utulivu, na wa sita, Geddon, ni kifo. Tulipokuwa vijana tuliyaruka majina haya haraka ili tufike kwenye mapigano.

Basi nilikuja kukaa siku nyingi kwenye benchi la hospitali na mzazi wangu, tukisubiri majibu ya vipimo. Huko ndiko nilikokisoma tena. Na Gemmell mwenyewe alikiandika mwaka 1976 akiwa katika hali hiyohiyo, akihofiwa kuwa na saratani. Ngome ni yeye, Wanadir ni ugonjwa. Hakuamua mapema kama ngome itaanguka; aliacha majibu yaamue. Majibu yakaja kwamba si saratani. Aliishi hadi mwaka 2006.

Mtumishi wa serikali kama mimi hawezi kumpita Orrin. Huyu ndiye kamanda wa ngome, mnene, asiyejua vita. Druss alipofika angeweza kumfukuza. Hakumfukuza. Orrin akaingia mazoezini pamoja na askari wa chini, akihema mbele ya watu aliozoea kuwaamuru, na kuta zilipoanza kushambuliwa alikuwapo. Nimewaona wakubwa wengi ofisini. Wa namna hiyo ni wachache.

Druss anakufa kabla ya mwisho, na adui zake wanamfanyia mazishi ya heshima. Kisha Ulric anaondoka kwa sababu vita vimezuka kwao. Wasomaji wengine hulalamika kwamba mwisho huo ni wa bahati tu. Sikubaliani nao. Habari ile ilimkuta Ulric bado yuko nje ya lango kwa sababu watu walikuwa wameshika ukuta jana, na juzi, bila kujua kama kuna habari yoyote njiani. Mzazi wangu, nilipomsimulia sehemu hiyo, aliniuliza tu: "Walikuwa wamebakiza ukuta wa ngapi?"