Mkopo Ufuate Msimu



Mazungumzo kuhusu fedha za vijijini kwa kawaida huanza na kilio kwamba kijijini hakuna mikopo. Sitaanzia hapo, kwa sababu si kweli. Mikopo ipo tele. Ipo dukani kwenye daftari la Mangi, ipo kwa mnunuzi wa mazao, ipo kwenye kikundi cha kina mama, ipo kwenye simu, na siku hizi ipo kwa kijana wa pikipiki anayezunguka na fomu mkobani. Kinachokosekana ni mkopo unaofika shamba linapouhitaji na kudaiwa shamba linapokuwa na cha kutoa. Tumehangaika mno na dhamana, tukaisahau kalenda, na mkulima anaulipia usahaulifu huo kila mwaka.

Chukueni Januari ya mkulima wa kahawa mkoani Kagera. Shule zimefunguliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini mtoto aliyepangiwa bweni anapewa orodha: godoro, shuka, ndoo, fyekeo au jembe, rimu ya karatasi, sare. Ndizi na maharage yanailisha nyumba, hayanunui godoro. Kahawa bado changa, iko mtini.

Hapo ndipo mtu wa butura anapobisha hodi. Anaitazama mibuni, anakadiria, anatoa fedha taslimu, na kahawa inakuwa yake tangu siku ile ingawa itakaa mtini miezi mingine mitano. Tuseme gunia ambalo Juni litauzwa shilingi 120,000 amelichukua kwa 60,000. Hakuna aliyetaja riba wala kuandika asilimia popote, lakini mkulima amekopa 60,000 na atalipa 120,000 ndani ya miezi mitano. Hiyo ni riba ya asilimia 100, na haionekani kwa kuwa imejificha ndani ya bei. Mtwara na Lindi, kwenye korosho, kuna kangomba, biashara ya ukoo huo huo, na shida inayoizaa ni moja: fedha inahitajika kabla ya mavuno.

Kuificha riba ndani ya bei si jambo la juzi. Unguja na Pemba ya karne ya 19, mwenye shamba la karafuu aliyebanwa na shida alifunga mkataba wa bei khiyari. Kwenye maandishi amemuuzia mkopeshaji shamba. Kwa hakika anaendelea kulikalia na kulilipia kodi, huku akibaki na haki ya kulikomboa siku atakaporudisha fedha. Kodi ile ilikuwa riba kwa kila hali isipokuwa jina. Bei ya karafuu ilipoanguka, madeni yakawaelemea wenye mashamba, hadi miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati na kuzuia wasidaiwe kwa muda.

Lakini fiqhi ya Kiislamu inayo njia halali ya kumlipa mkulima kabla ya mavuno, nayo ni bei ya salam. Masharti yake ni makali: fedha yote ilipwe siku ya mkataba, kipimo na ubora wa mazao vitajwe, tarehe ya kukabidhi ijulikane, na mazao yasifungwe kwenye mti fulani au shamba fulani ambalo halijaiva. Yawekeni masharti hayo kando ya butura, inayonunua mti huu huu, kwa kipimo cha macho, pasipo karatasi. Wanafunzi wangu, Waislamu kwa Wakristo, nawahimiza wausome mkataba wa salam kwa makini. Wanasheria wa zamani walijua kwamba anayeuza kabla ya mavuno anauza akiwa na shida, na walimwekea kinga ambayo sisi, na wizara zetu zote, bado hatujamwekea.

Sisi tumependelea marufuku. Butura imepigwa marufuku mara kadhaa. Kwenye korosho, Novemba 2018, serikali ilikwenda mbali zaidi: jeshi likapewa kazi ya kusomba korosho, bei ikapangwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa mashamba yao ili wa kangomba wasilipwe. Naielewa hasira iliyokuwa nyuma ya hatua zile. Ila marufuku haimnunulii mtoto godoro. Ukimfukuza mnunuzi wa butura bila kuweka kitu mahali pake, atarudi usiku, na bei ya usiku ni mbaya kuliko ya mchana.

Walichokijenga wanakijiji wenyewe kinanipa matumaini zaidi. Vikundi vya kuweka na kukopa, tunavyoviita VICOBA au hisa kutegemea mahali, vina asili ya karibu na ya mbali. Upatu tulikuwa nao tangu zamani. Utaratibu wa hisa na mikopo ndani ya kikundi ulianzishwa na shirika la CARE kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukatufikia na kuota mizizi haraka. Kaa kwenye mkutano mmoja uone. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na hakuna mwenye ufunguo anayelala na sanduku. Linafunguliwa mbele ya wote. Kabla fedha haijahesabiwa, wanachama wanatamka salio la mkutano uliopita, kwa hiyo hata asiyejua kusoma ni mkaguzi. Kila mmoja ananunua hisa zake, anachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, aliyechelewa anatoa faini. Kisha anayetaka mkopo anasimama kueleza. Mama mmoja akimuuliza, "Mwenzetu, mara ile ulisema unakwenda kununua mbuzi, huyo mbuzi yuko wapi?", swali hilo lina nguvu kuliko fomu ya benki ya kurasa kumi. Riba ya asilimia 5 au 10 kwa mwezi ni kali, sikatai, lakini siku ya mgawo inarudi kwa wanachama wale wale. Haiondoki kijijini.

Udhaifu wa vikundi hivi ni kalenda. Wanachama wote wanalima zao moja chini ya mvua moja. Mvua za Novemba zikianza kule Songea au Mbozi, kila mtu anataka mbegu na mbolea ya kupandia siku ile ile, na sanduku linakauka. Julai mahindi yakishauzwa, sanduku linajaa na mkopaji haonekani. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba ili watu wale sikukuu, kisha Januari inawakuta na sanduku jipya, tupu. Hata watu wawe waaminifu kiasi gani, hesabu hiyo haibadiliki. Lazima kuwe na mfereji wa kuleta fedha kutoka nje wakati wa kupanda na kuitoa wakati wa mavuno.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliliona hilo Ujerumani, kwa wakulima waliokuwa wakinyongwa na wakopeshaji wa mifugo na nafaka. Chama chake cha mikopo cha Heddesdorf kilianza 1864, na baadaye vyama vya vijiji vikaunganishwa na benki kuu zao ili fedha ya kijiji kimoja isaidie kingine. Hapa kwetu chama kikuu cha ushirika kingeweza kufanya kazi hiyo. KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933, kiliikusanya na kuiuza kahawa ya wanachama kwa pamoja, na anayeuza mazao ya mkulima ana mahali pa kukatia deni bila kumkimbiza mtu. Baada ya Azimio la Arusha mabenki yakataifishwa, na 1971 tukaunda Benki ya Maendeleo Vijijini Tanzania. Lakini 1976 vyama vikuu vikafutwa. Fedha ya kukopesha ilikuwepo. Mkono wa kukusanya marejesho kwenye mauzo ukakatwa. Vyama viliporudishwa kwa sheria ya 1982 vilikuta uaminifu umeshachakaa. Benki ile ikawa CRDB mwaka 1984, ikabinafsishwa 1996, na kama benki yoyote ya biashara ikaelekea kwenye mishahara na majengo. Siilaumu kwa hilo. Naulaumu usahaulifu wetu wa kwa nini iliundwa.

Pengo hilo lilijazwa, na mmojawapo wa walioingia ni mkopeshaji ambaye wananchi wanamwita kausha damu. Nataka tuifanye hesabu yake polepole, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo watu wamepoteza vitanda, mabati na ndoa. Tuseme mama anakopa 200,000, arejeshe 26,000 kila wiki kwa wiki kumi. Ataambiwa riba ni asilimia 30: atalipa 260,000. Lakini yeye hakai na 200,000 wiki kumi. Kila wiki anarudisha 20,000 ya mtaji, kwa hiyo kwa wastani anashikilia 110,000 tu. Kulipa 60,000 kwa kutumia 110,000 wiki kumi ni zaidi ya asilimia 280 kwa mwaka, kabla ya ada ya fomu inayokatwa juu kwa juu. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zinataka riba ya wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Umbali kati ya kanuni na mkoba wa pikipiki ni mkubwa.

Na tazameni ratiba yenyewe. Rejesho la kila wiki linamfaa mwenye genge la nyanya anayeuza kila siku. Mkulima wa mahindi hana kipato cha wiki. Rejesho la wiki ya tatu atalitoa wapi, kama si kwa mkopeshaji wa pili?

Mikopo ya simu ni jamaa wa karibu. Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012 na M-Pawa hapa 2014, mtu anaweza kukopa akiwa kitandani usiku mgonjwa amezidiwa, na sitaidharau huduma inayomfikisha mtoto hospitali. Lakini mkopo wa siku 30 ni mkopo wa mwenye mshahara. Zaidi ya hapo kuna programu zisizo na leseni, zinazomwaibisha mdaiwa kwa kuwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za namna hiyo. Mwambieni kila mzee na kila kijana: akiulizwa ruhusa ya kusomwa namba zake zote, akatae.

Serikali nayo inakopesha: kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya vikundi hewa kuonekana, ikarejeshwa 2024. Ni nzuri kwa kikundi chenye mradi. Haimsaidii mwanamume wa miaka 50 mwenye ekari mbili.

Na hatimiliki ya kimila? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliileta, na baadaye MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ukaibeba kwa matumaini makubwa. Mimi naipenda kwa sababu inamlinda mjane dhidi ya shemeji zake. Kama dhamana ina mipaka, maana asiye mwanakijiji hapewi ardhi ile bila ridhaa ya kijiji, na benki haipendi kushika kisichouzika. Tena sioni fahari yoyote katika kuweka shamba la urithi rehani kwa ajili ya mifuko mitatu ya mbolea.

Dhamana mkulima anayo tayari: ni mavuno yake, na daftari la chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. AMCOS inajua alileta kilo ngapi mwaka juzi na mwaka jana. Tangu 2021 Benki Kuu imetenga shilingi trilioni 1 kuzikopesha benki kwa asilimia 3, ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki haiwezi kuandika mafaili elfu moja ya shilingi 150,000. Gharama ya faili moja inakula faida yote. Lakini inaweza kukikopesha chama mara moja, nacho kikatoa malipo ya awali Januari, kwa karatasi yenye kilo, daraja la ubora na tarehe, na bei iachwe ifuate mnada. Riba ya 150,000 kwa miezi sita kwa kiwango hicho cha asilimia 10 kwa mwaka ni 7,500. Hata chama kikiongeza gharama zake ikafika 15,000, linganisheni na butura, ambako kwa hesabu yetu ya mwanzo mkulima angepoteza 150,000 nzima.

Najua mtakalouliza, maana wengi mmelizwa na viongozi wa AMCOS. Ndiyo maana nataka sanduku la kufuli tatu liingie ofisini kwao: salio litamkwe mkutanoni, orodha ya waliopewa malipo ya awali ibandikwe ukutani, na ripoti ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, isomwe mbele ya wanachama kwa Kiswahili cha kawaida. Kina mama wanaoendesha vikundi tayari wana ujuzi huo. Wachagueni kwenye bodi.

Linabaki swali gumu zaidi, la mwaka mvua zinapogoma. Mkopo unaofuata msimu utaanguka na msimu. Jibu lisisubiri ukame. Liandikwe siku ya kukopa: wilaya ikithibitishwa kukosa mavuno, deni linasogea hadi msimu unaofuata bila faini, na benki inalipwa sehemu kutoka mfuko wa dhamana, kama ule unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Kilimo kwa wakulima wadogo. Kifungu hicho kina mistari mitatu tu. Idara yangu imeanza kukiandika, na wanasheria mliomo humu ukumbini tunawaomba mje tukikamilishe pamoja.