Kizazi Kibaya ni Nani?
Masomo: Mathayo 16:1-4, Luka 13:1-5

Wapendwa wasikilizaji wa redio yetu, na wewe unayesoma karatasi hii nyumbani, fungua Biblia yako Mathayo 16, kisha weka kidole kwenye Luka 13. Leo tutakwenda mbali kidogo, mpaka kaskazini ya Uskoti, kwenye kanisa moja dogo linaloitwa Croick.

Nilifika huko pamoja na ndugu wawili Wakongomani wanaoishi Glasgow. Toka Glasgow ni safari ya karibu saa tano kwa gari. Ukipita kijiji cha Ardgay barabara inakuwa nyembamba, gari moja tu inapita, na mkikutana na nyingine mmoja anangoja pembeni. Unafuata bonde la mto Carron kilomita kama kumi na sita. Milima imevaa majani ya kahawia, upepo ni wa baridi hata wakati wa joto lao, na kondoo ni wengi kuliko watu. Ndugu mmoja akaniambia, "Mchungaji, hapa ni pazuri kwa kufunga na kuomba. Hakuna kelele."

Ni kweli, hakuna kelele. Lakini kimya kile kina historia yake. Zamani katika mabonde yale watoto walikuwa wakilia, wanawake walikuwa wakiitana, watu walikuwa wakilima. Bonde halikuzaliwa tupu. Lilitupwishwa.

Kanisa lenyewe lilijengwa mwaka 1827. Ni moja kati ya makanisa 32 ambayo serikali ya Uingereza ililipia kwa ajili ya watu wa milimani na visiwani, kwa mchoro wa Thomas Telford, fundi mkubwa wa madaraja na barabara. Usitazamie kitu cha fahari. Ni kuta za kawaida, makaburi kando yake, na miti michache inayolikinga na upepo. Makanisa yetu mengi huku ni makubwa kuliko lile. Wageni hawaji kwa sababu ya jengo. Wanakuja kwa sababu ya dirisha.

Karibu na hapo kuna bonde la Glencalvie. Familia 18 ziliishi humo, watu karibu 90, na wazee wao waliishi humo kwa vizazi vingi. Kodi walilipa, deni hawakuwa nalo. Wanaume wa mabonde yale walikuwa wamekwenda vitani kupigania taji la Uingereza. Lakini ardhi haikuwa yao kwa karatasi, na kondoo walileta faida kuliko watu. Msimamizi wa shamba, James Gillanders, aliamua watoke. Mwaka 1842 maofisa walipoleta barua za kuwafukuza, wanawake waliwazuia njiani wakazichoma barua zile. (Akina mama wa kwetu wataelewa.) Mwaka 1845 hakukuwa tena na njia.

Mwezi wa Mei mwaka ule walitoka na vyombo vyao, wakaja kanisani. Na hapa nisikilizeni vizuri: hawakulala ndani ya kanisa. Walilala nje, katikati ya makaburi. Walisimamisha miti, wakafunika kwa mablanketi na nguo, kama tunavyofunika sisi kwa shitingi. Gazeti la The Times la London lilituma mwandishi wake. Aliandika kwamba watu 80 walilala pale, na kati yao watoto 23 walikuwa chini ya miaka kumi, na wazee 10 walipita miaka sitini. Aliandika pia juu ya vitanda viwili vya watoto wachanga, vimewekwa karibu na moto, mama zao wamevizunguka. Mtu yeyote aliyepita Kanyaruchinya au Bulengo wakati kambi zilikuwa zimejaa hahitaji kuchorewa picha hiyo.

Walipokuwa pale, maneno yalikwaruzwa kwenye vioo vya dirisha, upande wa nje. Vioo ni vidogo, na herufi pia ni ndogo, lazima usogeze uso mpaka pumzi yako inatia ukungu kwenye kioo. Lugha yao ilikuwa Kigaeli, lakini maneno yale ni ya Kiingereza, kama vile mtu wa kwetu anayeongea Kinande au Mashi nyumbani anavyoandika Kifaransa akitaka wakubwa wasome. Andiko moja linasema watu wa Glencalvie walikuwa hapa, na tarehe: 24 Mei 1845. Na lingine linasema hivi: watu wa Glencalvie, kizazi kibaya.

Kizazi kibaya! Wengi waliosoma kioo kile wameelewa kwamba maskini wale walijihesabu wenyewe kuwa wenye dhambi, na kwamba Mungu ndiye amewafukuza. Fundisho la namna hiyo lilikuwako. Katika milima ile, wakati wa kufukuzwa kwa watu, kulikuwa na wachungaji waliosimama madhabahuni na kusema mambo haya ni adhabu ya Mungu. Mwenye shamba angependa mahubiri gani kuliko hayo? Mtu ukimwambia ameondolewa na Mungu, hatauliza tena juu ya mkono wa mwanadamu.

Sasa rudini Mathayo 16. Yesu aliyatamka maneno hayo kwa nani? Si kwa wafukuzwa. Si kwa wajane. Aliwaambia Mafarisayo na Masadukayo, watu wenye viti na sauti, waliokuja kumjaribu wakitaka ishara. Andiko lilitumwa kwenye nyumba ya wakubwa, likapelekwa kwenye hema la maskini. Na katika Luka 13, walipomletea habari za watu waliouawa na Pilato, aliwauliza kama walidhani wale walikuwa na dhambi kuliko wengine. Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageuzia waulizaji neno la toba.

Wapendwa, sisi Wapentekoste tuna midomo myepesi katika jambo hili. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, kuna waliohubiri dhambi za Goma kabla majivu hayajapoa. Hata leo mama anafika kutoka Masisi, ameacha shamba, ameacha kaburi la mtoto, na swali la kwanza anaulizwa kwenye maombi ni laana gani iko katika ukoo wake. Mimi naamini ukombozi. Naamini laana inavunjwa kwa damu ya Yesu. Lakini mtu aliyekimbia risasi amekimbia risasi. Usimpe na mzigo wa dhambi ambayo Bwana hakumtajia.

Kulikuwa pia na mchungaji mwingine kule, Gustavus Aird. Mwaka 1843 kanisa la Uskoti liligawanyika, na watu wengi wa mabonde yale walifuata Kanisa Huru, ambalo yeye alikuwa mchungaji wake. Waliabudu nje, mlimani, bila paa. Aird hakuwaita kizazi kibaya. Alisema wazi kwamba wanatendewa vibaya, akasimama upande wao. Hakushinda: bonde lilibaki la kondoo. Lakini wale watu walikuwa na mchungaji mmoja asiyewaongezea aibu.

Ijumaa hii tuna kesha. Familia za wakimbizi zinazolala katika darasa la shule ya Jumapili zitakuwa pamoja nasi. Waombezi, hakuna kuwapanga mbele na kuwahoji. Ulizeni majina yao, ulizeni ya watoto, na tuyataje mbele za Bwana moja moja. Mashemasi watapokea maharagwe, unga na mablanketi mlangoni kuanzia saa kumi na moja jioni. Na wasilale nje kwenye baraza kwa kuogopa kuchafua. Wazee wa kanisa, funguo za ukumbi ziko kwenu.