Mtoto Asiyestahimili Jua: Urithi Wala si Laana

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Ukunda



Kila aliyekulia pwani anajua kazi ya kukalafati. Chombo kikikaa baharini, maji huanza kupenya kati ya mbao. Fundi hutoa pamba iliyooza, akaziba upya, chombo kikarudi majini. Mwili nao una mafundi wake. Ndani ya seli mna DNA, yaani maagizo ya urithi ambayo mtu huyapata kwa baba na mama. DNA huharibika mara maelfu kila siku, na miale ya jua ni mojawapo ya sababu. Mafundi wa seli hukata kipande kilichoharibika na kutia kipya. Kwa kuieleza kazi hiyo, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika ukarabati huo. Ugonjwa wao huitwa ziroderma pigmentosamu, kwa kifupi XP. Mwaka 1968 mtafiti James Cleaver alionyesha kwamba seli za wagonjwa hawa hushindwa kurekebisha madhara ya jua. Madhara hulimbikizana, na saratani ya ngozi inaweza kuanza utotoni.

Dalili zake ni hizi: mtoto huungua kwa jua la muda mfupi, madoa madogo meusi hujitokeza usoni na mikononi, mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili, ngozi hukauka, macho huwa mekundu na hukimbia mwanga.

Hapo ndipo maneno ya mtaani huanza. Wengine husema ni laana, wengine humlaumu mama. Ukweli ni kwamba XP huhitaji jeni mbili zenye kasoro, moja ya baba na moja ya mama, nao wazazi wenyewe huwa wazima. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya nne. Watu wa ukoo mmoja wakioana, uwezekano wa wote wawili kubeba jeni ileile huongezeka. Hivyo hakuna wa kulaumiwa peke yake.

XP si ualbino. Mwenye ualbino mafundi wake wapo, ila ana upungufu wa melanini, ile rangi inayokinga ngozi kama makuti yanavyokinga nyumba. Jua humletea madhara mengi kuliko mafundi wanavyoweza kuyarekebisha. Wote wawili wanahitaji kinga.

Kinga yenyewe haina siri: nguo za mikono mirefu, kofia pana, miwani ya jua, losheni ya kukinga jua, na kukaa ndani jua linapokuwa kali. Kwa mtoto wa XP, hata jua la asubuhi, la mawingu, au linalopita kwenye kioo cha dirisha lina madhara. Kwa kuwa hakai juani, daktari humwangalia pia upungufu wa vitamini D. Watu wenye ualbino waliosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni bila malipo.

Walimu wanaombwa wasimlazimishe mtoto wa namna hii kusimama gwaride uwanjani. Akae mbali na dirisha, na michezo yake iwe ndani. Mzazi anayeona dalili hizo, au kidonda kisichopona, asingoje wala asinunue krimu za kuchubua. Ampeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Msambweni, aombe kuonana na daktari wa ngozi.

XP haina tiba ya kuimaliza, lakini saratani ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuziba ufa, jamaa na majirani ndio mafundi wake.